Kuosha Kinanda cha Baba

Mjukuu wangu Zuhura alikifungua kisanduku juu ya kitanda changu, na kabla macho hayajaona, pua ilishajua. Shaba. Shaba iliyokaa karibu na vinywa vya watu ina harufu yake, si kama ya sufuria wala ya pete. Yakaribia ladha ya damu ukijing'ata ulimi. Zuhura ni mwalimu kule Mjambere, na shule yao ilipewa vinanda vya mdomo vya kufundishia watoto. Watoto wamevipuliza na mandazi kinywani, sasa nusu yavyo havilii. Basi akaagiza kwa simu vyombo vya kuvitengenezea: bisibisi tano, tupa ndogo, kibanio, na vijiti vyembamba vya chuma ambavyo hata mwenyewe hajui ni vya nini.

"Bibi, mama aniambia wewe wayajua mambo haya. Nianze na kipi?"

Nikachagua bisibisi ndogo kuliko zote, na kijiti kimoja bapa, chembamba kama ganda la kitunguu. Vingine nikamwambia avirudishe. "Ukiwa na vyombo vingi mkononi utataka kuvitumia vyote," nilimwambia, na hapo bisibisi ikaniteleza. Zuhura alidhani ni uzee, akanishika mkono. Nilikuwa nimerudi Likoni, siku ya Alhamisi, na ndoo ya maji ikiwa mbele yangu.

Baba yangu, Hamisi Bakari, alikuwa kuli wa bandarini. Alivuka feri alfajiri pamoja na Kasimu wa Mtongwe na Nyale Mwero, wakarudi jioni weupe kwa saruji kama watu waliomwagiwa unga. Mwaka ule bega lake la kulia lilikuwa limeharibika. Gunia lilimteleza, akalidaka vibaya, na tangu siku ile mkono haukwenda juu. Alivaa shati kwa kuanza na mkono mbovu, Bibi akimsaidia, nami nikijifanya sioni. Mama hakuwapo. Alikuwa amekwenda kwao Ng'ombeni kumzaa mdogo wangu Mwanasiti, na arubaini ilikuwa haijesha. Nyumbani tulikuwa watatu: Baba, mamake Baba ambaye ni Bibi Mejumaa, na mimi Mwanakombo, mtoto wa miaka tisa au kumi.

Baba alikuwa na kinanda cha mdomo. Alipewa na baharia mmoja Mgoa, Domingo, aliyemsaidia kushusha sanduku lake melini. Kilikuwa na matundu kumi, na juu na chini kimefunikwa bati linalong'aa. Baba alipokipuliza, watu waliokuwa njiani walipunguza mwendo. Habari zikafika kwenye hoteli moja ya Shelly Beach, wakamwita: Jumamosi, saa kumi kamili za jioni, wageni wanapokunywa chai, aje wamsikize. Akiwapendeza atakuwa mtu wao wa kila siku. Kazi ya kukaa kivulini, ya pumzi na vidole! Nilimsikia akimwambia Bibi, "Mama, nikiikosa hii, bega hili halina mwaka mwengine." Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayetaja mvua. Lakini maneno yale yalinikaa kifuani, na kila Baba alipojigeuza kitandani, upande wa pili wa ukuta, nilihesabu pumzi zake.

Alhamisi chuo cha Kurani hakuna, nyote mwajua, na shule tulitoka mchana. Bibi alikuwa uani akisuka mkeka. Nikaingia chumbani kwa Baba, nikakitoa kinanda chini ya mto alikokifunga kwa leso, nikakitia ndani ya kanga yangu. Sikukusudia ubaya. Nilitaka kupaona mahali atakapopiga, nikipulize kidogo pale, nijue kama upepo wa bahari utaimeza sauti yake. Akili ya mtoto. Nilikwenda mpaka kwenye ukuta mfupi wa hoteli, nikaketi. Hata sijakiinua, nikasikia pumzi nyuma ya sikio.

Alikuwa mbwa. Mkubwa, wa rangi ya mchanga, na pua yake ilikuwa imeshafika kwenye mkono wangu. Nilifumba macho. Nikasikia kitu cha moto chenye maji kikipita juu ya vidole, na sauti ndogo, ulimi ukikwaruza bati.

"Taiga! Toka hapo! Wewe mtoto, usiogope, huyu haumi, anasalimia tu."

Ndiye Mutiso, bawabu wa hoteli, Mkamba mrefu mwenye koti la jeshi hata kwenye jua lile. Akakitazama kinanda. "Hicho si cha Hamisi? Mimi nilikuwa nacho kama hicho jeshini. Nilikipiga mpaka kikatoka meno." Akacheka. Nilikimbia, na kanga nikaiacha pale ukutani, akaniita niirudie, wala sikugeuka.

Kuna jambo ambalo aliyelelewa kwetu atalielewa bila kuelezwa sana. Siku moja tu kabla, Maalim Sudi alikuwa ametusomesha najisi. Chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, na moja katika hizo iwe kwa udongo. Alitwambia pia kwamba mtu mwenye najisi ya mbwa kinywani sala yake hairuki. Yabaki palepale juu ya msala, kama kuku aliyefungwa miguu. Mimi nilimwona kuku yule wazi kabisa. Nikamwona Baba akipuliza Jumamosi mbele ya wageni, kisha asimame kusali magharibi, na sala zake zikijipigapiga chini, moja juu ya nyingine, siku zote za maisha yake. Na aliyemtia najisi ni mwanawe.

Basi nikafanya nilivyofundishwa. Nyuma ya nyumba, karibu na kisima cha kina Mzee Mwakuona, nilichota ndoo, nikafikicha udongo mwekundu mpaka ukawa uji, nikakizamisha kinanda. Nilikisugua matundu yote. Nikakitoa, nikakisuuza. Moja. Kilitoa mapovu, na mimi nikafurahi kuyaona, nikidhani ndiyo najisi inatoka. Mbili. Tatu. Ya nne maji yalitoka bado mekundu. Tano. Sita. Nilipokuwa nimeinama kuchota ya saba, Bibi akaniita.

"Mwanakombo!"

"Abee, Bibi!"

"Wafanyani huko na maji? Njoo hapa unishikie mkeka!"

Nikakichomeka kinanda ndani ya kapu la ukindu, nikaenda. Nilimshikia Bibi mkeka mpaka alasiri, na moyo ukinambia, bado moja, bado moja. Niliporudi kukichukua, nikakitikisa. Kikalia kama njuga. Mchanga ulikuwa umejaa ndani, na ule ubao wa katikati, wenye vyumba vya pumzi, ulikuwa umenywa maji ukavimba, umetokeza mbele ya bati kama ufizi wa mtu mgonjwa. Nilijua kuosha tena ni kukimaliza. Na kukipuliza nijaribu sikuweza, kwa sababu hesabu haijatimia. Nilikuwa nimekitia najisi kinanda cha Baba na nimekiharibu, vyote viwili, mchana mmoja.

Jioni ile Mungu alinisitiri. Usiku wa kuamkia Ijumaa Baba hakuwa akipiga kinanda. Alisoma Yasini akalala. Leso ilikuwa chini ya mto wake, nimefunga ndani yake kipande cha muhogo mahali pa kinanda. Nawaambia, sijawahi kuogopa kitu duniani kama nilivyouogopa ule muhogo.

Ijumaa asubuhi, Baba alipovuka feri, sikwenda shule. Nilikwenda kwa Mutiso. Taiga alikuwa amelala mlangoni kwake, na mimi nikasimama mbali, mbali sana, nikapiga kelele, "Mjomba Mutiso, shikamoo! Mfunge mbwa!"

"Marahaba. Amefungwa tangu jana, kwa sababu yako. Na kanga yako hii hapa, nimeikunja." Akaniangalia. "Umeleta nini?"

Nikamwonyesha. Akakigeuza mkononi, mchanga ukamwagika kwenye kiganja chake.

"Nani alikwambia uoshe kwa matope?"

"Maalim."

"Maalim alisema uoshe kinanda?"

"Alisema chombo."

Alikuwa karibu kucheka, akaona uso wangu, akaacha. Akaingia ndani akatoka na kopo la vyombo vyake, akavimwaga juu ya gunia: bisibisi ya baiskeli, koleo, nyundo, msumari wa inchi nne, patasi yenye pengo. Akavitazama, akatazama kinanda, na nikaona uso wake unanyong'onyea. Akakusanya vyote akavirudisha ndani ya kopo, kimoja kimoja.

"Hivi ni vya baiskeli na milango. Nikitia hapa kimoja tu, Hamisi atapiga filimbi kesho, si kinanda. Sikiliza. Ndani kuna ndimi za shaba ishirini. Kumi za kupuliza, kumi za kuvuta pumzi. Kila mmoja mwembamba kuliko ukucha wako. Chombo cha kuzigusa lazima kiwe laini kuliko zenyewe. Kwenu kuna nini kilicho laini na chembamba?"

Nilifikiri. "Ukindu."

"Ukindu ni nini?"

"Wa kusukia mikeka. Bibi auchana mwembamba, kama uzi."

"Lete. Na kisu kilichokwisha kwa kunolewa, kilichobaki ulimi tu. Na wembe. Na unyoya wa kuku. Na kipande cha sabuni."

"Sabuni? Tutaosha tena?"

"Mungu wangu, hapana! Lete tu."

Nilikimbia nyumbani. Bibi alikuwa na kisu cha kuchania ukindu ambacho alikuwa nacho tangu usichana wake, makali yake yameliwa mpaka yakawa upana wa jani la nyasi. Nilikichukua, nikachukua na sindano yake, ingawa sikutumwa sindano, nikaanza kuvuta ukindu kapuni.

"Wewe! Shule yafunguliwa uani siku hizi?"

Nikaganda. "Abee, Bibi. Mwalimu... mwalimu Dama ataka tusuke."

"Aka! Kwa ukindu huo mbichi? Utajinyonga ukikauka." Akanisogelea, akaupitisha ukindu mmoja baada ya mwengine kati ya vidole, akautupa, akaukunja mwengine karibu na sikio akausikiliza, akanipa minne. "Hii imechemshwa ikakaushwa kivulini. Yapinda wala haikatiki. Na kisu changu ukikipoteza, usirudi, kaolewe hukohuko." Alinitazama vidoleni, kwenye ule udongo mwekundu uliobaki chini ya kucha. Akarudi kwenye mkeka wake.

Mutiso alinikalisha kwenye kigoda. Vidole vyake, alisema, ni vya rungu. Nitafanya mimi na yeye atatazama. Bati la mgongo lilishikwa kwa vijisumari viwili, na la chini viwili, vidogo kama punje za mtama. Nikaingiza ncha ya kisu cha Bibi chini ya bati, karibu na kichwa cha msumari, nikainua kidogo, nikahamia upande wa pili, nikainua kidogo, nikarudi. "Usivute," aliniambia. "Shawishi." Kila msumari ulipotoka alinifanya niuchomeke kwenye sabuni, kwa mpangilio uleule ulivyokuwa, ili kila mmoja urudi kwenye tundu lake. Nikaelewa ya sabuni.

Mabati yakatoka, na ndimi zikaonekana zimelala safu, nyengine zimemeza mchanga. Zile kumi za kuvuta zilikuwa nje, wazi. Zile za kupuliza zimejificha ndani, unazifikia kwa ufa wake tu. Nikapangusa kwa unyoya. Nikapitisha ukindu chini ya ulimi, taratibu, punje ikatoka. Nikautekenya ulimi kwa ncha ya ukindu, ukalia, tin. Sauti nyembamba, lakini sauti. Tukaenda hivyo, ulimi baada ya ulimi. Mutiso alitaka akipulize ajaribu, nikakivuta kifuani.

"Kwani kinywa changu nacho kimerambwa na Taiga?"

"Si hivyo, Mjomba. Hakijatakata. Hata mimi sikitii kinywani."

Basi akatikisa kichwa, tukaendelea kusikiliza kwa kutekenya tu.

Gari likapiga honi getini. "Usiguse mpaka nirudi," akasema, akaenda. Ulikuwa umebaki ulimi wa tundu la nne, wa kuvuta. Punje ilikuwa imekwama kwenye shina lake, na ukindu ulikuwa umechoka, wajikunja. Nilingoja. Nikasikia adhana ya mbali ikitangulia Ijumaa. Nikafikiri Baba siku nyengine hurudi mapema akasali mskiti wa hapa. Nikachukua sindano.

Punje ilitoka mara moja. Nilifurahi kama sekunde moja. Kisha nikaona mstari mweupe juu ya shaba, na ulimi umesimama juu, haulali tena penye ufa wake. Nikautekenya. Haukusema tin. Ulisema tek.

Mutiso aliporudi sikuwa na haja ya kumwambia. Alichukua sindano akaitia mfukoni mwa koti lake.

"Hii ni ya nguo," alisema, basi. Nilitamani anipige.

Akanionyesha. Ukindu mpya chini ya ulimi, na ukucha wangu juu, bonyeza kidogo, achia, tazama. Bonyeza, achia, tazama. Ukibonyeza sana utazama ndani ya ufa usilie kabisa. Jasho lilinitoka puani likadondoka karibu na shaba, akanivuta kichwa nyuma kwa sikio. Mwisho ulilala. Ulilia, lakini kwa ukavu, kama mtu mwenye mafua. Mstari ule wa sindano haukutoka. Akauparaza ubao uliotokeza mbele, kwa wembe, kama anamnyoa mtoto mchanga, mpaka ukalingana na bati, tukarudisha mabati na misumari. Nilikitia tena ndani ya leso ya Baba, nikaula ule muhogo.

Ijumaa jioni Baba alikitoa chini ya mto, akakipima mkononi. Akasema, "La, nitaiweka pumzi ya kesho," akakirudisha.

Jumamosi akaenda nusu siku akarudi, akaoga, akasali adhuhuri. Bibi alikuwa amempigia pasi shati jeupe. Alipotoka uani ilikuwa saa nane na nusu imepita, na kutoka kwetu hadi hotelini ni mwendo wa zaidi ya nusu saa. Akakitoa kinanda mfukoni, akalamba midomo, akakiinua.

"Baba, usikitie kinywani!"

Sikukusudia kupiga kelele. Kuku wa Bibi walitawanyika. Baba alibaki na kinanda hewani.

"Kina nini?"

"Mbwa amekiramba."

Nikasema yote. Ukuta, Taiga, udongo, Mutiso, sindano. Nilisema nikitazama miguu yake, viatu alivyoviazima kwa Kasimu. Alinisikiliza bila kunikata.

"Ulikiosha mara ngapi?"

"Sita."

Bibi akaangua kicheko huko jikoni, akajishika mbavu. "Sita! Wallahi mtoto huyu angekuwa kadhi, tungebaki wote na iddi pungufu!"

Baba hakucheka. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Ulimi wake uligusa wapi? Usinambie uongo, Mwanakombo. Kinywa ni changu, sala ni yangu."

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema juu tu, kwenye bati, na mambo yangekwisha. "Nilisikia wakwaruza bati la mgongo," nikasema. "Mahali pengine sijui. Nilifumba macho."

Akatazama jua. Akatazama kinanda. Tukikizamisha tena, ubao utavimba, na hakuna siku ya kungoja ukauke. Asipokiosha, hatakiweka kinywani, nilimjua Baba. Nikaona mkono wake mzuri unalisugua lile bega, bila yeye mwenyewe kujua. Na nikasikia mdomo wangu unasema, "Baba, bati latoka. Lenyewe peke yake. Naweza kulitoa."

"Wewe?"

"Mimi."

Kisha akasema, "Tunalolijua tutaliosha. Tusilolijua tumwachie Mwenyezi Mungu. Mama, mpe kisu chako."

Bibi akanipa. Nikaketi juu ya mkeka, Baba mbele yangu ameshika kipande cha sabuni kwa mikono miwili kama sinia. Nikainua upande mmoja, nikahamia wa pili. "Harakisha kidogo, mwanangu," alisema Baba, na kisu kikateleza, msumari wa pili ukaruka.

Mchanga wa ua wetu ndio ujuao ulikoangukia. Msumari kama punje ya mtama, na uani kuku walishamwagiwa mtama kweli asubuhi ile. Baba alipiga magoti na suruali yake ya kazi ya hoteli. Bibi alipiga magoti. Tulipapasa watu watatu, kichwa kwa kichwa. Jua lilihama kutoka ukutani likafika mtungini. Bibi ndiye aliyeuona, umelala kwenye kunjo la suruali ya Baba mwenyewe. Kutoka hapo hakunambia tena niharakishe.

Bati nikaliosha peke yake, mbali na ubao. Mara ya kwanza kwa udongo. Baba alihesabu kwa sauti, nami nikihesabu naye, na tulipofika sita alininyooshea kidole, akangoja. Saba. Nikalifuta kwa kanga mpaka likauka kabisa, nikalirudisha, msumari kwenye tundu lake, nikaukandamiza kwa mpini wa kisu, taratibu, bila kugonga. Akakiinua, akapuliza, akavuta. Tundu la nne lilikwaruza. Akalirudia mara mbili, akasikiliza, akalizunguka kwa sauti za jirani zake, kama mtu anayekwepa dimbwi bila kusimama. Akaniwekea mkono kichwani, akaondoka mbio, mkono mmoja wapiga hewa, ule wa bega umelala ubavuni.

Alirudi karibu na isha. Nilimngoja barabarani.

"Wamesemaje, Baba?"

"Wamesema wataniita."

Jumatatu akavuka feri kwenda kwenye magunia. Nilingoja siku nyingi. Kila mtu wa baiskeli aliyekata kona ya kwetu nilidhani ni mjumbe wa hoteli. Hakuja yeyote, na mimi nikajipa maana yangu: nikasema ni kwa sababu ya yale nisiyoyaona nilipofumba macho, kwamba ulimi wa Taiga ulifika mbali kuliko bati, na Mungu akakataa. Nililibeba hilo mpaka utu uzima, na watoto wangu wote wanne niliwazaa nalo. Baba hakupata kunirudi kwa jambo lile hata kwa jicho. Bega lilimweka chini baada ya miaka miwili, akawa auza makaa nyumbani, na kila ulimi ulipokwama kwenye kinanda alikuwa akiniita, hata nilipokwisha olewa: "Mwanakombo, njoo na kisu cha bibi yako."

Siku ya hitima yake, nyumba imejaa, niliitwa nje. Mutiso alikuwa amesimama nje ya ua, mzee, koti lilelile au ndugu yake. Alikataa kuingia. Nilimletea wali, akala amesimama, tukazungumza mambo ya zamani, na mimi, kwa ule ulegevu wa msiba, nikamwuliza lile swali. Kwa nini hoteli haikumwita?

Akaacha kula.

"Kumwita? Hamisi alifika saa kumi na nusu imepita. Ndani tayari walishamkubali kijana wa gita. Mimi ndiye niliyekuwa getini. Hakukuambia?"

Nikatikisa kichwa.

"Nilimgombeza, unajua. Nilimwambia, Hamisi, kazi kama hii unachelewa, ulikuwa wapi? Alikuwa anatweta, magoti yote mchanga. Akaniambia, 'Nilikuwa kwa fundi.' Nikamwambia, si ungemharakisha? Akasema, 'Nilimharakisha mara moja, nikaona si adabu.'"